Njia Mbili za Mama wa Kona Baridi

Nilitoka nyumbani kwenda kununua sukuma wiki na mayai. Basi. Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong, upepo wa Kitengela unatumwagia vumbi machoni kama kawaida yake, na mimi natembea huku nachungulia simu. Mume wangu alikuwa anarudi jioni hiyo. Muteti ni dereva wa lori. Hubeba magadi kutoka Magadi hadi kwenye maghala ya Athi River, na safari ya kurudi humpitisha Kona Baridi, Kiserian na Isinya kabla hajafika kwetu. Akirudi hataki makuu. Anataka ugali, sukuma na mayai ya kukaanga, na asiulizwe maswali mpaka amalize kula.

Nilichokuwa nachungulia kwenye simu ni kura.

Niko kwenye kundi la kuandika linaloitwa Njia Panda. Wengi wetu hatujawahi kuonana. Mmoja anaandika hadithi ya kutisha, kipande kwa kipande, na kila kipande kikiisha anaweka njia mbili. Wasomaji wanapiga kura. Njia ikishinda, mwandishi anaifuata, apende asipende. Mwenye kundi ni Githongo, mwalimu wa Kajiado mjini, mtu wa sheria kupita kiasi, na sheria yake kubwa ni kwamba hakuna kutoka nje ya hadithi. Mwandishi akisema fisi yuko mlangoni, wewe mwambie asogeze kabati. Ukiandika "hadithi tamu, hongera," Githongo anakutoa wiki nzima. Sote tunajibu kana kwamba mambo ni ya kweli, na nakwambia hapo ndipo utamu wenyewe ulipo.

Mimi mchana ni fundi wa kushona sare za shule. Lakini kwenye Njia Panda nilikuwa mtu mkubwa, wacha nijisifu kidogo. Hadithi yangu ilikuwa ya dereva wa lori. Sikumpa jina, ila kila kitu chake nilikitoa kwa Muteti: taulo la bluu shingoni, kikohozi chake kabla ya kona, redio isiyoshika stesheni. Wasomaji walimpenda huyo dereva kuliko nilivyotarajia. Hasa Shiro, dada mmoja anayeuza mitumba Kiserian na kuishi na kabinti kake. Shiro hakuwa mwandishi. Hakuwahi kuandika kipande hata kimoja. Yeye kazi yake ilikuwa kusoma na kuogopa, na alikuwa anaogopa vizuri.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwetu ni siku ya mbio. Vipande vinakuwa vifupi, kura inafungwa pale Githongo anaposema imefungwa, na mwandishi akichelewa kuweka njia, msomaji yeyote anaruhusiwa kumwekea. Kipande changu cha jioni kilikuwa hivi: dereva anapanda mlima, anafika Kona Baridi, ukungu umeshuka, na kando ya barabara kuna mama amesimama peke yake. Amejifunga shuka mgongoni kama aliyebeba mtoto. Ananuka magadi mabichi na nywele zilizoungua.

Moja, ampe lifti. Mbili, apite.

Nilipofika kwenye kibanda cha Caro, kura zilikuwa zimeshaelemea upande mmoja. Unajua wasomaji. Hakuna msomaji aliyewahi kupiga kura ya kupita. Githongo akaandika kwamba imefungwa, na moja imeshinda. Nikacheka peke yangu pale kibandani. Caro, mama wa makamo kutoka Machakos kama mimi, akaacha kukata sukuma akaniangalia.

"Simu inakuchekesha kuliko watu siku hizi," akasema.

Simu ikaita. Ni Muteti.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kona Baridi." Alikuwa ananong'ona. Muteti hanong'oni hata kanisani. "Phylis... niko na abiria."

Nikadhani nimesikia vibaya. Tajiri wake amekataza abiria kabisa, na Muteti mwenyewe ni mwoga wa kufutwa kazi. Hajawahi kumbeba mtu hata wakati wa mvua.

"Abiria gani?"

"Mama fulani. Sijui hata kwa nini nilisimama, mguu ulikanyaga tu breki. Nikamsalimia kwa Kimaasai, sopa, nikidhani ni mama wa huku. Hakuitikia. Alipoongea aliongea Kikamba. Kile cha kwetu kabisa, cha kule ndani." Akakohoa. "Ananuka, Phylis. Ni kama magadi... na nywele zimeungua."

Sukuma zilinitoka mkononi.

"Muteti, umesoma hadithi yangu?"

"Hadithi gani sasa? Huku network ni ya kubahatisha, nitasomea wapi?" Sauti ikashuka zaidi. "Ameniuliza swali moja tu. Ameuliza, 'Huko nyumbani kwako, nani atanifungulia?'"

Simu ikakatika.

Nielewe vizuri hapa. Yule mama na harufu yake, kundi zima lilikuwa limesoma. Mtu angeweza kumpigia Muteti simu na kupanga naye mzaha, ingawa Muteti si mtu wa mizaha. Lakini lile swali hakuna aliyekuwa amelisoma. Nililiandika mchana nikiwa kwenye cherehani, nikalihifadhi kwenye simu yangu kwa ajili ya kipande kinachofuata. Lilikuwa bado limelala humo.

Nilikimbia nyumbani. Nilipiga simu njia nzima, na kila mara yule dada wa mtandao alinijibu kwa upole wake kwamba mteja hapatikani. Nilifunga geti. Nikafunga mlango. Nikakaa kitini bila kuwasha taa, nikaandika kwenye kundi:

"Jamani simamisheni. Hii si hadithi. Dereva ni mume wangu, anaitwa Muteti, na huyo mama yuko kwenye lori lake sasa hivi. Naombeni tuache."

Nikangoja.

Majibu yakaanza kumiminika. Emoji za moto, moto, moto. Makofi. "Tunakuombea wewe na Muteti." "Dada, zima taa, kaa mbali na dirisha." "Nimepata baridi mgongoni." Githongo mwenyewe, ambaye husifu mtu mara moja kwa mwaka, aliandika: "Kipande kifupi lakini kikali. Mke ameingia. Weka njia, mwandishi."

Walidhani naendelea kuandika.

Nikamwandikia Githongo pembeni, nje ya kundi. Mwalimu, nakuapia kwa jina la Mungu, hii ni kweli, fungia hadithi. Akanijibu palepale: "Mpaka inbox? Phylis, wewe ni moto. Hata mimi nimeanza kuamini." Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga kofi, vyote kwa pamoja. Mimi ndiye niliyewazoesha. Ni mimi niliyewahi kuandika kwamba napiga kelele na hakuna anayekuja, na wote wakanipigia makofi kwa kupiga kelele vizuri.

Geti likagongwa.

Nikainama chini ya dirisha.

Likagongwa tena, taratibu. "Phylis. Umeacha mboga zako."

Alikuwa Caro. Nilimfungulia huku nimemshika mkono nimvute ndani haraka. Aliuona uso wangu, akaweka mfuko chini. Nikamweleza yote kwa pupa: kundi, kura, Muteti, mama. Nilitegemea anicheke. Hakucheka.

"Nyanya yangu alikuwa mtambaji hodari wa hadithi," akasema. "Lakini hakuanza hadithi mtu wa nyumba akiwa bado njiani. Tulikuwa tunangoja mpaka wote wafike, mlango ufungwe, komeo liwekwe. Ndiyo anaanza."

"Kwa nini?"

"Alisema si wasikilizaji wote wako ndani. Kuna wa nje pia. Na wale wa nje wakikuta mtu wenu barabarani, na nyinyi huko ndani mnamtajataja..." Akaitazama simu yangu, inayowaka na kuzima mkononi. "Na nyinyi huko kwa simu, mlango mnafunga saa ngapi?"

Caro hakukaa. Alisema ameacha kibanda bila mtu, na mimi nilimwona anavyoharakisha, mtandio umekazwa, bila kutazama kushoto wala kulia. Sikumlaumu. Nilirudi ndani nikapiga komeo.

Simu ikalia. Nilikuwa nimechelewa kuweka njia, na mtu alikuwa ameniwekea. Akaunti haikuwa na picha. Jina lake lilikuwa Mgeni tu. Sikukumbuka kumwona hata siku moja, lakini kundi ni kubwa na watu huingia kimya kimya.

Moja, mke afungue geti waingie wote wawili. Mbili, dereva abaki na mama barabarani.

Nilisoma mara kadhaa. Njia zote mbili zilikuwa mbaya. Ukichagua hii, anaingia kwangu. Ukichagua ile, Muteti harudi. Na kura zilikuwa zimeanza kupanda. Wengi walitaka mke afungue. Shiro naye akaandika, "Mimi ningefungua. Siwezi kumwacha mume wangu huko nje." Maskini Shiro, alikuwa anaumia kikweli kwa ajili ya mtu aliyedhani hayupo.

Nikapiga simu. Mteja hapatikani.

Basi nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya. Sheria inasema mwenye hadithi akileta kipande kabla kura haijafungwa, njia zake ndizo zinazofuatwa. Nikaandika. Sijawahi kuandika haraka hivyo maishani mwangu, na sikutafuta neno tamu. Niliandika kwamba lori linashuka kutoka Kona Baridi, ukungu umeisha, na yule mama anamgusa dereva begani anamwambia amechoka, anataka kushuka. Anashuka na kwenda zake. Dereva anafika nyumbani peke yake. Halafu nikaweka njia zangu, na nikazifunga kama nilivyoona Mgeni amezifunga zake, ili kokote watakakopiga kura, Muteti apone.

Moja, ashukie Kiserian. Mbili, ashukie Isinya.

Wakanung'unika. "Mwandishi, hiyo si njia, hiyo ni stendi." Mwingine akasema nimeogopa hadithi yangu mwenyewe, na hapo alisema kweli. Kura zikawa zinasota, moja huku, moja kule. Kisha Shiro akaandika:

"Jamani ashukie huku kwetu Kiserian. Ataniona mimi kwanza. Moja!"

Wakacheka wote, wakamfuata. Moja, moja, moja.

Nilikuwa na muda. Nataka kusema hilo wazi. Ningeweza kufuta Kiserian nikaandika mto, nikaandika pori, nikaandika mahali pasipo na nyumba wala mtu. Kidole changu kilikuwa juu ya simu. Lakini nilimfikiria Muteti na taulo lake la bluu, nikaogopa kwamba nikigusa kitu chochote kila kitu kitaharibika. Nikaacha. Githongo akafunga kura.

Moja imeshinda.

Nikakaa gizani. Nje upepo ulikuwa unavuta mabati ya jirani, unayaachia, unayavuta. Sijui nilikaa kwa muda gani. Simu ilipoita nilipiga ukelele.

"Niko Isinya," akasema Muteti, kwa sauti yake ya kawaida, kubwa, ya kero. "Weka sufuria."

"Yuko wapi?"

"Ameshuka."

"Wapi, Muteti?"

"Kiserian, karibu na soko. Alinigusa bega, akasema amechoka. Nikasimama. Sikumwona akifungua mlango wa lori, lakini nilipoangalia kiti hakukuwa na mtu." Akakohoa. "Usiniulize tena. Nikifika nataka kula."

Nililia nikiwa nasonga ugali. Nililia kwa furaha, sitaki kudanganya. Alipopiga honi nilitazama kwanza kupitia tundu la geti, nikaona ni yeye, mwenyewe, amechoka, ana vumbi jeupe la magadi kwenye nyusi. Nikamshika mpaka akauliza kama kuna mtu amekufa. Aliingia, akanawa, akavua shati na kulitupa nje uani. Akasema nilichome kesho, hataki kulivaa tena. Harufu ilikuwa bado ndani yake.

Nikamtengea chakula. Alikula kama siku zote, ameinamia sahani, hasemi kitu. Nikakaa karibu naye nikimtazama anavyotafuna. Nilikuwa nimepanga kuondoka Njia Panda usiku huohuo, niandike maneno mawili ya kwaheri na nifute kila kitu. Nikachukua simu.

Kulikuwa na ujumbe mpya kwenye kundi, na haukuwa wa mwandishi yeyote. Ulikuwa wa Shiro.

"Kuna mama hapa kwangu mlangoni. Amebeba kitu kwa shuka. Nani kati yenu anajua kwangu? Kama ni mchezo, naomba muache, niko na mtoto."

Chini yake, moto. Makofi. "Shiro naye ameanza kuandika, wacha wee." "Kumbe ulikuwa umetuficha kipaji." Githongo akamkaribisha rasmi kwenye safu ya waandishi, na kwa kuwa ni mgeni wa kazi hiyo, akamsaidia kuweka njia. Moja, afungue. Mbili, asifungue.

Nikapiga kura ya mbili. Nilikuwa peke yangu upande huo.

Nikampigia Shiro. Iliita sana. Muteti aliinua macho, akaona sikio langu limebanwa na simu, akarudi kwenye ugali wake. Hatimaye ikapokelewa, na kwanza sikusikia neno, nilisikia pumzi za mtu anayejizuia kupumua.

"Phylis?" Shiro akanong'ona. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Usifungue."

"Hii si hadithi, ama?"

"Si hadithi. Sikiza, piga kelele majirani wakuje. Mshike mtoto. Usifungue hata akikuita kwa jina."

"Hajaniita mimi." Sauti yake ilikuwa inakatikakatika. "Amebisha tu... akaongea Kikikuyu, kile cha cucu, nyanya yangu. Nikamuuliza nani amemleta kwangu. Akasema ni Phylis. Akasema ni wewe umemtuma."

Nilifungua mdomo. Nilitafuta uongo, mimi ninayeutunga kila siku, na sikupata hata mmoja. Shiro akangoja. Alingoja nimkatalie. Nilisikia anavyongoja.

"Phylis?"

Nyuma yake, mbali kidogo na simu, nikasikia chuma kikikwaruza mbao. Kisha sauti ya mtoto, changamfu, ya mtoto aliyefunzwa heshima.

"Mum, nishamfungulia cucu."

Shiro hakupiga kelele. Simu haikukatika pia. Ilibaki wazi, na mimi nikabaki nimeishika, nasikia mtu anakaribishwa kiti.

Muteti akasukuma sahani. "Ni nani huyo?" akauliza.

"Ni rafiki yangu wa Kiserian," nikamwambia. "Amepata mgeni."